Nyumba ya Theluji: Jinsi Inavyookoa na Jinsi Inavyoua

Katika nchi za kaskazini ya dunia, kama vile Kanada, Norwe, Urusi na sehemu kubwa ya Marekani, mvua ya majira ya baridi haishuki kama maji. Hushuka kama theluji, nyeupe na nyepesi mfano wa sufi, ikafunika mashamba, njia na mapaa ya nyumba kwa muda wa miezi kadhaa. Katika Afrika ya Mashariki theluji hupatikana juu ya milima mirefu tu, kama Kirinyaga, Kilimanjaro na Ruwenzori, na watu wengi huiona kwa mbali asubuhi kabla mawingu hayajaifunika.

Hata hivyo habari za theluji zawahusu watu wa huku kuliko ilivyokuwa zamani. Maelfu ya watu waliozaliwa Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo wanakaa leo katika nchi za baridi kwa ajili ya masomo au kazi. Tena kila mwaka vijana hupanda Mlima Kenya mpaka kilele cha Lenana, chenye urefu wa mita 4,985, mahali ambapo maji huganda usiku hata kama watu wa Nairobi wanalala bila blanketi.

Somo hili laeleza namna mtu aliyeshikwa na dhoruba awezavyo kujijengea kimbilio kwa theluji yenyewe, na mambo yanayopasa kutayarishwa kabla ya hatari. Jambo kuu la kukumbuka ni hili: theluji yaweza kumkinga mtu na baridi, lakini nyumba ya theluji isiyo na tundu la hewa ni kaburi.

THELUJI YAWEZAJE KUHIFADHI JOTO?

Ni ajabu kusikia kwamba mtu anayekufa kwa baridi aweza kupona kwa kuingia ndani ya theluji. Lakini sababu yake ni rahisi. Theluji mpya si barafu tupu. Katika sehemu kumi za theluji hiyo, kama tisa ni hewa iliyofungwa katikati ya chembe ndogo ndogo. Hewa iliyofungwa hivyo haipitishi joto upesi. Blanketi la sufu hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo, na kuku anayejikunyata asubuhi yenye baridi hutanua manyoya yake apate kufunga hewa ndani yake.

Ukuta wa theluji hautoi joto. Kazi yake ni kulizuia joto la miili ya watu walio ndani lisipotee. Nje baridi yaweza kuwa digrii 30 chini ya sifuri, na ndani ya kibanda kilichojengwa vizuri ikawa karibu na sifuri tu. Hapo si mahali pa raha, lakini mtu mwenye nguo kavu na kitu cha kulalia aweza kuishi mpaka kupambazuke.

Faida nyingine ni kuzuia upepo. Upepo huondoa joto katika ngozi kama mtu anayepuliza uji upoe. Baridi ikiwa digrii 20 chini ya sifuri, na upepo ukivuma kilometa 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi huumia kana kwamba ni digrii 34 chini ya sifuri. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kila kimbilio ni kumwondoa mtu katika upepo.

Watu wa kaskazini ya mbali waliyajua haya kabla ya vitabu kuandikwa. Wainuiti wa Kanada na Greenland hukata matofali ya theluji iliyoshindiliwa na upepo, wakayapanga kwa mzunguko unaopanda na kuelekea ndani, mpaka nyumba ikawa kuba isiyohitaji nguzo hata moja. Nyumba hiyo huitwa iglu. Mlango wake huwa chini, mahali pa kulala pameinuka, na juu huachwa tundu dogo la kutoa hewa chafu. Ujenzi huo wahitaji ustadi wa miaka mingi, na mgeni asidhani kwamba ataweza kuujua katika siku moja ya dhoruba. Lakini kanuni zake tatu, yaani mlango chini, kitanda juu na tundu la hewa, ndizo zinazofuatwa katika kila kimbilio la theluji.

WATU SITA WALIOISHI KATIKA PANGO

Mfano mmoja mashuhuri ulitokea Antaktika, bara la barafu lililo kusini kabisa ya dunia. Mwezi wa Januari 1912 watu sita wa msafara wa Captain Scott, wakiongozwa na Victor Campbell, waliteremshwa pwani na meli yao ili wachunguze nchi kwa majuma machache. Barafu ya bahari ikaizuia meli isiweze kurudi kuwachukua. Chakula chao kilikuwa cha majuma machache tu, na mahema yao yalikuwa yakipasuliwa na upepo. Majira ya baridi, ambayo huko ni usiku wa miezi mingi, yalikuwa yakikaribia.

Hawakungoja mpaka waishiwe nguvu. Mwezi wa Machi walichimba pango katika rundo gumu la theluji lililoegemea kilima. Pango hilo lilikuwa na urefu kama futi 12 na upana wa futi 9, na mtu mrefu hakuweza kusimama wima ndani yake. Sakafuni walitandaza changarawe na magugu makavu ya bahari. Waliua sili na ngwini kwa chakula, na mafuta ya sili yakawa kuni zao na taa yao. Ili watu wasigombane katika nafasi ndogo namna hiyo, walipiga mstari sakafuni kugawanya upande wa maofisa na upande wa mabaharia. Ilikubaliwa kwamba neno lisemwalo upande mmoja ni kama halikusikiwa upande wa pili.

Adui aliyekaribia kuwaua hakuwa baridi peke yake. Dhoruba ilipoziba njia ya moshi kwa theluji, hewa ya ndani ilichafuka na taa zikafifia, hata ikawabidi wazibue kwa haraka wapate kupumua. Baada ya hayo walijifunza kuliangalia tundu lao sikuzote. Walikaa humo mpaka mwisho wa Septemba, kisha wakatembea kwa majuma kadhaa juu ya barafu, wakafika kambi kuu mwezi wa Novemba 1912. Wote sita walifika hai.

MKASA WA MWAKA 1986

Habari ya pili ni ya huzuni. Tarehe 12 Mei 1986, kundi la wanafunzi pamoja na watu wazima lilipanda Mount Hood, mlima wa mita 3,429 katika jimbo la Oregon, Marekani. Hali ya hewa ikaharibika. Walipogeuka kurudi, dhoruba ilikuwa imekwisha kuwazunguka na njia haikuonekana tena. Watu 13 wakachimba pango katika theluji. Lakini walikuwa wamechoka, wamelowa, na mmoja wao alikuwa mgonjwa kwa baridi. Pango lilikuwa dogo kuliko idadi yao, na theluji ikawa ikiuziba mlango.

Kesho yake wawili walishuka kutafuta msaada, wakafika. Watafutaji walikwenda huku na huku mlimani, lakini pango lilikuwa limefunikwa kwa theluji ya zaidi ya mita moja, wala juu yake hapakuonekana alama. Lilipopatikana tarehe 15 Mei, wawili tu katika waliokuwamo waliweza kuokolewa. Jumla ya waliokufa ilikuwa 9.

Msomaji asiwalaumu marehemu, maana katika dhoruba hata mwenye ujuzi hupotewa. Lakini akizilinganisha habari hizi mbili ataona mambo manne. La kwanza ni wakati: kimbilio lijengwe nguvu zingalipo. La pili ni nafasi: liwatoshe watu wote. La tatu ni hewa: tundu lizibuliwe usiku na mchana. La nne ni alama: watafutaji waweze kuona mahali penyewe. Mtu akikosa moja katika hayo, mengine huenda yasimfae.

KUCHAGUA MAHALI

Kabla ya kuchimba, mtu na atazame pande zote na juu pia. Asijenge chini ya mteremko mkali uliojaa theluji, kwa kuwa theluji yaweza kuporomoka kama ukuta wa udongo uliolowa. Miteremko ya digrii 30 mpaka 45 ndiyo yenye hatari kubwa. Asijenge chini ya mti uliokufa au matawi yaliyolemewa na theluji. Asilale katika bonde dogo, maana hewa baridi ni nzito nayo hutiririka kwenda chini kama maji. Asijenge juu ya mto au ziwa lililoganda ikiwa hana hakika ya unene wa barafu yake.

Wazazi wanaokaa mijini katika nchi hizo wana onyo lao. Watoto hupenda kuchimba mashimo katika marundo ya theluji yaliyo kando ya barabara. Mitambo ya kusukuma theluji hupita hapo, na dereva hawezi kumwona mtoto aliye ndani. Mtoto asiruhusiwe kabisa kuchimba kando ya barabara, wala kuchimba peke yake mahali popote.

KUJENGA KIBANDA CHA RUNDO

Penye theluji nyingi iliyoshindiliwa, watu huchimba pango ubavuni mwa rundo. Penye theluji ya kadiri, kimbilio linalofaa mgeni ni kibanda cha rundo, ambacho watu wa Kanada hukiita kwinzi. Kazi yake huchukua saa tatu au zaidi, kwa hiyo ianzwe mapema kabla giza halijaingia. Hatua zake ni hizi:

1. Mtu akanyage theluji ya mahali alipopachagua mpaka pawe pagumu, katika duara lenye upana wa mita tatu hivi kwa watu wawili au watatu.

2. Juu ya duara hilo arundike theluji kwa beleshi mpaka lipatikane rundo la kimo cha mita mbili, lenye umbo la kichuguu kipana. Aichanganye theluji vizuri anapoirusha, maana chembe zikivunjika na kuchanganyika hushikana upesi.

3. Aliache rundo kwa saa moja na nusu au mbili. Hatua hii huwashinda wengi kwa kukosa subira. Rundo linalochimbwa kabla ya kushikana humwangukia mchimbaji.

4. Wakati wa kungoja, akate vijiti vingi vya sentimita 30, yaani kadiri ya rula ya shule, avichome katika rundo kila upande vielekee katikati. Hivi ndivyo vitakavyomwonyesha unene wa ukuta.

5. Aanze kuchimba mlango upande usiopigwa na upepo. Mlango uwe mdogo, wa kupita mtu kwa kutambaa. Achimbe kwenda ndani na juu, na kila aonapo ncha ya kijiti asimame, asizidi hapo. Akifanya hivyo ukuta utakuwa na unene ulio sawa pande zote.

6. Aache mahali pa kulala pawe juu kuliko mlango, mfano wa baraza ya nyumba ya pwani. Hewa yenye joto hupanda ikakaa penye watu, na hewa baridi hushuka ikatoka mlangoni.

7. Alainishe dari kwa mkono wenye glavu iwe kuba isiyo na vinundu. Kila kinundu hudondosha maji, lakini dari laini huyapitisha maji ukutani mpaka chini.

8. Atoboe tundu la hewa karibu na juu, lenye upana wa ngumi, na aache kijiti kirefu ndani yake cha kulizibulia.

9. Nje asimamishe fimbo ndefu, ski au matawi yaliyofungwa kitambaa cha rangi kali, ili mahali hapo paonekane hata theluji ikizidi.

Wakati wa kuchimba ndio wakati wa hatari kubwa. Hapana budi mtu mmoja akae nje na beleshi mkononi, akisemezana na aliye ndani. Mtu aliyeangukiwa na theluji hawezi kujifukua mwenyewe, kwa maana huwa nzito na ngumu mara inapotulia. Kadhalika mchimbaji afanye kazi polepole na kupunguza nguo kidogo apatapo joto. Jasho likilowesha nguo litageuka baridi pindi atakapopumzika.

Akishaingia, asilale juu ya theluji tupu. Atandike matawi ya misonobari, kamba, mifuko mitupu au chochote kilicho kavu, maana theluji iliyo chini ya mwili hunyonya joto. Beleshi liingizwe ndani pamoja na watu. Likiachwa nje na mlango ukazibwa na dhoruba, watatoka kwa kuchimba na nini?

HEWA NA MOTO

Watu wasio na habari hudhani kwamba baridi ikizidi yafaa kuziba kila tundu na kuwasha jiko. Hapo ndipo wengi hufa. Moto unaowaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta, hushikamana na damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Kwanza kichwa humuuma, kisha kizunguzungu na kichefuchefu, halafu usingizi. Na usingizi huo hauna kuamka.

Kwa hiyo jiko la mafuta au la gesi lisiwashwe ndani ya kibanda cha theluji. Maji na yachemshwe nje, mahali palipokingwa na upepo. Kila saa chache mtu mmoja aamke apitishe kijiti katika tundu la hewa na kuondoa theluji mlangoni. Taa ikififia, ni dalili kwamba hewa imechafuka. Lakini taa kuwaka vizuri si uhakika kwamba sumu haimo. Anayeumwa kichwa atolewe nje mara moja.

DALILI ZA MTU ANAYESHINDWA NA BARIDI

Joto la kawaida la mwili ni kama digrii 37. Likishuka chini ya 35 mtu ameingia katika hatari. Dalili za kwanza ni kutetemeka, mikono kushindwa kufunga vifungo, maneno kutatanika na miguu kujikwaa. Baadaye mtetemeko hukoma. Wenzake wasifurahi wakadhani amepona, ndipo amezidiwa. Wengine hufikia hatua ya kuvua nguo wakisema wanaona joto, kwa kuwa akili imekwisha kuchanganyikiwa.

Mgonjwa huyo aondolewe katika upepo, avuliwe nguo zilizolowa, afunikwe kwa vitu vikavu pamoja na kichwa chake, na mwenzake alale karibu naye ampe joto. Akiwa na fahamu zake aweza kupewa kinywaji cha moto chenye sukari. Asipewe pombe kabisa. Pombe humfanya mtu aone joto katika ngozi, lakini kwa kweli huitoa joto ya ndani ikapotea upesi. Asisuguliwe mikono na miguu, wala vidole vilivyoganda visisuguliwe kwa theluji kama walivyofanya watu wa zamani, maana nyama huharibika. Apelekwe kwa daktari kwa uangalifu.

Tena mwenye kiu asile theluji. Tumbo hutumia joto la mwili kuiyeyusha. Na aiyeyushe kwanza kwa moto, kisha anywe.

MATAYARISHO KABLA YA SAFARI

Wahenga walisema, Tahadhari kabla ya hatari. Watu wa Norwe wana kanuni 9 za mlimani, ambazo watoto hufundishwa mapema. Zilianza katika miaka ya 1950, zikaenezwa sana baada ya Pasaka ya mwaka 1967, ambapo watu 18 walikufa milimani, nazo zilitengenezwa upya mwaka 2016. Kanuni moja yasema kwamba mtu ageuke mapema, na kwamba kurudi si aibu. Nyingine yawataka watu wasizimalize nguvu zao, bali watafute kimbilio ikihitajika. Maneno hayo ni machache, lakini kijana mwenye kiburi huona uzito wake akiwa amechelewa.

Mtu anayekwenda mahali pa theluji, hata akinuia kurudi jioni, na amwambie mwenzake njia atakayopita na saa atakayorudi. Achukue beleshi dogo, kiberiti katika kitu kisichopenya maji, kurunzi na betri za akiba, firimbi, ramani na dira, chakula kisichohitaji kupikwa, nguo za akiba na mfuko wa kulalia. Simu ni chombo kizuri, lakini baridi humaliza betri yake upesi, kwa hiyo iwekwe karibu na mwili. Nguo za sufu ni bora kuliko za pamba, maana sufu huhifadhi joto hata ikiwa na unyevu, na pamba iliyolowa humpoza mwenye kuivaa. Nguo nyingi nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine ni bora kuliko koti moja zito.

KATIKA GARI NA NYUMBANI

Wengi wanaokaa nchi za theluji hawatalala katika kibanda cha rundo hata siku moja. Lakini wote hupanda magari, na wote hulala majumbani. Mwezi wa Februari 1978 dhoruba ilipoupiga upande wa mashariki wa Marekani, magari zaidi ya 3,000 yalinaswa katika barabara kuu iliyo karibu na mji wa Boston. Baadhi ya watu waliokaa ndani ya magari wakiwasha injini wapate joto walikufa kwa ile hewa ya sumu, kwa sababu theluji ilikuwa imeziba mabomba ya moshi. Mwezi wa Desemba 2022 dhoruba nyingine ilipiga mji wa Buffalo katika jimbo la New York, wakafa watu zaidi ya 40. Wengine walikutwa nje, wengine magarini, na wengine nyumbani mwao ambamo joto lilikuwa limekatika.

Mtu aliyenaswa na theluji barabarani yafaa akae ndani ya gari lake, kwa kuwa gari huonekana upesi kuliko mtu atembeaye. Afunge kitambaa chenye rangi kali mahali pa juu. Kila mara kabla ya kuwasha injini atoke aondoe theluji katika bomba la moshi. Aiwashe kwa dakika 10 hivi katika kila saa, huku amefungua dirisha kidogo upande usio na upepo. Garini yapasa yawemo sikuzote mablanketi, beleshi, kurunzi, maji na chakula, na tangi la petroli lisipungue nusu wakati wa majira ya baridi.

Nyumbani na yawekwe maji, chakula na dawa za kutosha siku tatu au zaidi, pamoja na redio ya betri ya kusikilizia maonyo. Umeme ukikatika, jamaa wote wakae katika chumba kimoja na kuziba upepo unaopita chini ya mlango. Lakini jiko la makaa au mtambo wa kutoa umeme kwa petroli usiwashwe ndani ya nyumba, hata kama baridi ni kali namna gani. Kuna chombo kidogo kinacholia kikihisi kaboni monoksaidi, nacho chafaa kiwemo katika kila nyumba.

FUNDISHO LA NYUMBANI

Msomaji wa Limuru, Nyandarua au Molo aweza kusema kwamba hana theluji ya kuchimba. Lakini katika miezi ya Juni mpaka Agosti, baridi inapozidi nyanda za juu, wako watu waingizao jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Makaa hayo hutoa hewa ile ile iliyokaribia kuwaua watu sita wa mwaka 1912. Nyumba ya mabati na nyumba ya theluji zina sheria moja: penye moto pawe na tundu, na moto uzimwe na kutolewa nje kabla ya kulala. Blanketi la pili halina sumu.

MASWALI YA KUJIPIMA

Wanaosoma somo hili pamoja wajaribu kuyajibu maswali haya bila kutazama juu:

1. Kwa nini theluji huhifadhi joto, ingawa yenyewe ni baridi?
2. Kwa nini mahali pa kulala huwekwa juu kuliko mlango?
3. Vijiti vya sentimita 30 vina kazi gani?
4. Ni mambo gani manne yanayoonekana katika habari za mwaka 1912 na 1986?
5. Mtu aliyekuwa akitetemeka kwa baridi akikoma kutetemeka na kuanza kusema maneno yasiyoeleweka, wenzake wafanye nini, na wasifanye nini?
6. Ni nani katika jamaa hulala na jiko la makaa chumbani, na nani atamwambia leo jioni?